Niliingia msibani Krakow kumbe ni baa, na uongo niliomwambia dada yangu wa Mzenga

Wakuu, amani iwe kwenu, mlio kazini na mnaosoma mmejifunika shuka.

Mimi ni fundi wa mashine, si mwandishi. Humu ndani ni msomaji wa kimyakimya, nacheka nyuzi zenu halafu naondoka bila hata kugonga like. Leo nimeona nitoe langu. Kila nitakachoandika kimenitokea, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kwamba hapa nilifanya ujinga. Nilichobadilisha ni majina tu.

Naishi Picha ya Ndege, Kibaha. Kwetu hasa ni Mzenga, Kisarawe. Ndiko alikozaliwa mama yangu, ndiko alikozikwa.

Nawaambia mapema kwamba mama amefariki, msije mkasema nimewavizia. Uzi huu ni wa safari, ni wa mji mmoja mzuri mno huko Poland na usiku wake. Lakini pia ni wa uongo niliomwambia dada yangu kuhusu usiku ule mama alipofariki. Uongo ule ulinikaa kooni mwezi mzima kama mwiba wa samaki.

Twende taratibu. Mwenye haraka akapige mswaki arudi.

Kiwanda ninachofanyia kazi hapa Kibaha kinatengeneza chakula cha kuku. Walinunua mashine ya kufungasha kutoka Poland, wenye mashine wakasema leteni fundi mmoja, akae wiki sita, ajifunze kuifungua na kuifunga. Nikachaguliwa mimi. Msidhani mimi ndiye mkali kuliko wote. Wenzangu wawili hawakuwa na paspoti, basi.

Mama alikuwa anaumwa moyo. Miguu inavimba, inapungua, inavimba tena. Nilikwenda Mzenga kumuaga, akanishika kichwa akaniombea dua ndefu mpaka shingo ikauma.

Dada Zena, mkubwa wangu, ndiye aliyekuwa anamuuguza. Sisi tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi. Akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Mdogo wangu, sikuombi kitu. Simu tu. Nikipiga, pokea."

Nikamwambia, "Dada, hata nikiwa chooni nitapokea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Yawekeni akilini.

Nilifika Krakow mwishoni mwa Oktoba, jioni. Kilichonipokea ni ukungu. Aisee, ukungu umekaa juu ya mji mzima, mweupe, mzito, na ndani yake taa za barabarani zinaelea, rangi ya samli. Unamsikia mtu anakuja kabla hujamwona. Halafu anatokea, anapita, anamezwa tena.

Nilisimama pale na begi langu nikahisi bado nimesinzia kwenye ndege.

Kesho yake nikaenda uwanja wa katikati ya mji. Wakuu, ule uwanja ni mpana kiasi kwamba mtu akiwa upande wa pili huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke. Chini kote mawe. Katikati kuna soko la kale, refu, lenye matao. Farasi wamevishwa manyoya kichwani, wanavuta watalii, kwato zinagonga mawe ko, ko, ko, na mvuke unawatoka puani. Akina mama wanauza mikate ya duara yenye ufuta kwenye vigari vidogo.

Nilikuwa natembea nagusa kuta. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nagusa kuta za watu kama nakagua rangi. Lakini mngekuwa mimi mngefanya nini? Kuta zile zina miaka mia kwa mia, mimi natoka Picha ya Ndege, ambako nyumba ikifikisha miaka kumi tunaiita ya zamani.

Na kuna kanisa la matofali lenye minara miwili isiyolingana. Kila saa, mchana na usiku, mtu anafungua dirisha juu kabisa ya mnara mrefu anapiga tarumbeta. Sauti inashuka polepole, inazunguka uwanja, njiwa wanatulia. Halafu inakatika katikati ya wimbo. Pwaa, kimya.

Mara ya kwanza nilidhani jamaa kapaliwa.

Tomek ndiye aliyenieleza. Huyu ndiye aliyekuwa ananifundisha mashine, kijana mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kiwandani mkali kama askari jela, jioni binadamu mwingine kabisa. Akasema hadithi ya wazee wao ni kwamba zamani mlinzi aliona maadui wanakuja, akapiga tarumbeta kuwaamsha watu, mshale ukampata kooni. Basi mpaka leo wanaupiga wimbo ule na kuuishia palepale alipoishia yeye.

Nikamwambia kwetu tungeshaumalizia zamani, na vigelegele juu. Akacheka sana.

Kitu kingine, kule Novemba saa kumi na nusu jioni ni giza. Unaingia kazini giza, unatoka kazini giza. Kwa hiyo Krakow yangu mimi karibu yote ni ya usiku, nikiikumbuka naiona na taa zake. Tramu inapita na madirisha ya njano, watu ndani wamesinzia. Mto upo chini ya ngome ya wafalme wao, mweusi, bata wanaelea wamekunja shingo. Nilikuwa nakaa pale kwenye ukuta wa mto nakula mkate wa ufuta, sina shida na mtu, sijui leo ni Jumatatu au Alhamisi.

Sijawahi kujisikia vile maishani. Nilikuwa mwepesi mno. Hakuna anayenijua, hakuna anayeniita kwenda kutengeneza pampu ya maji Jumapili.

Kidogo kuhusu salamu, maana wengine mtakwenda huko. Usimsalimie kila unayepishana naye kwenye ngazi. Mimi nilimwamkia mama mmoja mzee kila asubuhi, nainama kidogo, "shikamoo" kwa Kiswahili kabisa, kwa sababu kumpita mzee kimya nilishindwa. Wiki ya kwanza alikuwa anashika mkoba wake. Wiki ya tatu akaniletea keki ya tufaha mlangoni.

Siku ya kwanza ya Novemba kazi zilifungwa. Tomek akaniambia leo mji mzima uko makaburini. Nikadhani anatania. Akanipeleka.

Wakuu, sijui nianzie wapi.

Makaburi makubwa, miti mirefu isiyo na majani, na kila kaburi lina mishumaa. Mishumaa ndani ya vikombe vya vioo, vyekundu, vya njano, vya kijani, maelfu kwa maelfu, mpaka ukungu wenyewe umegeuka rangi ya machungwa. Watu wanatembea taratibu na familia zao, watoto wamebeba mishumaa mifukoni. Hakuna anayelia. Wanapangusa kaburi, wanawasha, wanasimama kidogo, wanasogea kwa jirani. Hata kaburi lisilo na mwenyewe kuna mtu anakuja kuliwashia.

Nilimuuliza Tomek, hii mishumaa ni ya nini? Akasema, "Hapa kwetu mshumaa ni wa marehemu."

Sentensi hiyo itakuja kuniponza. Subirini.

Sasa usiku wenyewe, maana najua kuna watu wamefungua uzi huu kwa ajili ya klabu.

Starehe za Krakow zimejificha chini ya ardhi. Barabarani unaona mlango mdogo tu, taa moja, kama duka la mshona viatu. Unaingia, unakuta ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu wa karne na karne, unashuka, unashuka, na muziki unaanza kukujia kwenye nyayo kabla ya masikio. Chini kuna vyumba vya matofali vyenye dari ya mviringo. Ni maghala ya zamani ya wafanyabiashara. Juu mji umelala kwenye baridi, chini watu wanatokwa jasho.

Tomek alinipeleka Ijumaa ya wiki ya pili.

Juu ya ngazi kuna mtu wa makoti. Lazima umpe koti lako, anakupa kibati chenye namba. Mimi nilikataa, si mnajua sisi na vitu vyetu. Koti lenyewe nimeazimwa na shemeji yangu. Tomek akanibembeleza mpaka nikalitoa. Simu ilikuwa mfuko wa ndani. Nilikumbuka nikiwa ngazi ya tatu, nikasema aah, saa moja tu.

Pombe je? Mtauliza tu. Mimi ni Muislamu na nilikunywa. Bia mbili. Haya, tatu. Sijisifu, nasema kwa sababu niliahidi kweli.

Kulikuwa na mpiga fidla mmoja, msichana kavaa shati la kiume, anapiga amefumba macho, na jamaa wa ngoma anamfuata nyuma. Ikaanza polepole. Wazee walikuwepo, vijana walikuwepo, bibi mmoja wa miaka sabini anacheza na mumewe wameegemeana vipaji vya uso. Halafu ngoma ikakaza.

Na mimi ni Mzaramo, wakuu. Ngoma ikikaza siulizi ni ya nani.

Nilicheza mpaka watu wakanizunguka. Tomek akapiga kelele sikioni kwangu, "Umejifunzia wapi?" Nikamwambia sijajifunza popote, nimezaliwa nayo. Msichana wa fidla akafumbua macho akaniona, akaanza kunifuata mimi badala ya mimi kumfuata yeye. Matofali yanatoa jasho. Mishumaa imepangwa kwenye vishubaka vya ukuta, miali inaruka kwa pamoja na hatua zetu. Sikuwa na jina, sikuwa na umri. Ile saa moja niliyosema ikawa sita.

Nilifurahi. Lazima niliseme hili, maana baadaye nilijaribu kujifanya sikufurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mama watoto anisamehe.

Tulitoka karibu na alfajiri. Nikachukua koti, simu imezima. Baridi ya kule inamaliza betri vibaya sana. Nikafika chumbani, nikaichomeka kwenye chaji bila kuiwasha, nikalala na viatu.

Niliamka saa saba mchana. Nyumbani ilikuwa saa tisa.

Nikawasha simu.

Missed calls kumi na nne, zote za Dada Zena. Na voice note mbili.

Ya kwanza alikuwa anaongea kwa sauti ndogo ya kuishiwa pumzi. "Mdogo wangu, mama ametutoka. Mjomba anauliza, wewe ndiye mtoto wa kiume, tuzike leo au tukusubiri? Tunakusubiri useme."

Ya pili ilikuwa fupi. "Tumezika. Mungu amrehemu."

Kwa wasiojua taratibu zetu, maiti ya Kiislamu haikai. Na mama akizikwa, mtoto wake wa kiume anashuka kaburini kumpokea. Anapokelewa na mikono ya damu yake. Nafasi yangu alishuka mjomba, mzee wa watu, na magoti yake mabovu.

Wamekaa uani tangu alfajiri mpaka adhuhuri wakisubiri neno langu, mimi nimelala nanuka bia.

Nilipiga simu. Dada akapokea. Hakulia. Akauliza swali moja tu, "Ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Kiwandani, dada. Walinipa zamu ya usiku. Simu tunaziacha getini."

Lilitoka lenyewe, wallahi. Sikulipanga.

Akasema, "Basi. Kazi ndiyo kazi." Wala hakuuliza zaidi. Nikashangaa alivyolipokea haraka.

Na hapo ningeweza kurekebisha. Kesho yake ningeweza. Lakini jioni mjomba akanipigia ananipa pole, akasema Zena amewaambia watu wote msibani kwamba mdogo wake yuko kazini Ulaya, kwenye kiwanda kikubwa, simu haziruhusiwi. Watu wamesifu. Shehe ameniombea dua. Sasa utaanzia wapi?

Ukitaka kujua uongo unavyokua, upande mbele ya shehe.

Siku nane zikapita. Sikumwambia Tomek wala mtu yeyote. Nilikuwa nafungua mashine, nafunga mashine. Machozi hayakuja hata tone. Jioni natembea, natembea tu, mpaka miguu iseme. Mji ulikuwa uleule, ukungu uleule, taa zilezile za samli, na tarumbeta inapigwa. Ila nilikuwa nauona kama mtu aliye chini ya maji.

Jioni ya siku ya nane nikajikuta kwenye mtaa wa zamani wa Wayahudi, si mbali na mji wa kati. Vichochoro vyembamba, rangi za kuta zimebabuka. Kwenye kona nikaona dirisha.

Ndani giza. Mishumaa kwenye kila meza. Watu wamevaa nyeusi, wameinamiana, wanaongea kwa kunong'ona. Ukutani kuna picha kubwa ya kale ya bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, na chini ya picha mishumaa mitatu.

Nikasema, msiba huu.

Na kwetu, iwe Mlandizi, iwe Mzenga, msiba haupitwi. Bodaboda anazima muziki, unashuka, unaingia, unasema poleni, unakaa japo dakika tano, unaacha rambirambi. Humjui marehemu? Hiyo si hoja. Ukipita na yako yakikufika nani ataingia?

Nikaingia.

Nikavua kofia ya sufu. Nikaanza na meza ya kwanza, mkono kwa mkono, kichwa chini, "Poleni. I am sorry. Poleni sana." Watu wananipa mikono, wanatazamana. Meza ya pili. Meza ya tatu. Nikamaliza wote, watu kama kumi na wawili. Nikaona kaunta ina kisahani kina sarafu, nikajua rambirambi hiyo, nikaweka noti yangu kwa mikono miwili. Nikaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, nimekunja mikono, nimeinamisha kichwa mbele ya yule bibi wa kwenye picha.

Dada wa kaunta akaja. "Utakunywa nini?"

Nikamwambia kwa heshima, "Asante, msibani sinywi."

Akabaki amesimama na kitambaa chake.

Wakuu, ilikuwa baa. Baa ya kawaida kabisa. Mishumaa ni urembo, giza ni urembo, yule bibi wa picha alinunuliwa sokoni na fremu yake. Kisahani ni cha bakshishi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimepita meza kwa meza kwenye baa nikiwapa pole walevi.

Chekeni. Na mimi nacheka sasa hivi.

Wakati ule sikucheka. Mzee mmoja wa masharubu, meza ya karibu, ndiye aliyenifafanulia. Anaitwa Stefan. Kiingereza chake cha kuungaunga, changu cha kuungaunga, tukakutana katikati. Akasema, "Hapa hajafa mtu." Halafu akanitazama vizuri usoni, akauliza, "Kwako amekufa nani?"

Nikasema, "Mama."

Basi. Hapo ndipo machozi yalipokuja. Siku nane zote zilitoka kwa mkupuo, kwa sauti, kamasi, mabega yanaruka, mwanaume mzima. Sikuweza hata kujificha.

Yule dada wa kaunta akaenda kuzima muziki. Bila kuambiwa. Meza zile zikanyamaza. Mzee Stefan akahamia benchi langu, akauliza, "Kwenu mnafanyaje?" Nikamwambia kwetu tunakaa. Akauliza, "Mnakaa tu?" Nikamwambia tunakaa tu.

Akawatafsiria wenzake. Wakakaa.

Sijui ni muda gani. Watu wasionijua, wengine vijana wa chuo na nywele za bluu, wamekaa kimya wananikalia msiba wa mwanamke wa Mzenga. Mmoja alisogeza mshumaa wake akauweka mezani kwangu. Mwingine akafanya hivyohivyo. Mlango ulikuwa ukifunguliwa na mgeni, dada wa kaunta anamnong'oneza, mgeni anavua kofia anakaa. Nje ukungu umegusa kioo. Nilihisi kama niko mbali sana na dunia, na wakati huohuo niko uani kwetu.

Baadaye Mzee Stefan akaniuliza kama nilikuwepo alipokufa. Nikamwambia ukweli wote. Lile shimo la ngoma chini ya ardhi, fidla, koti, simu, uongo wa kiwandani.

Nilitegemea atanipa maneno ya faraja. Akauliza, "Shimo lipi?" Nikamtajia mtaa. Akatikisa kichwa, "Pale bia yao mbovu."

Halafu akakasirika kidogo, nadhani na yeye alikuwa amelewa. "Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi hata jina la mama yako siwezi kulitamka. Kamwambie dada yako."

Akarudi mezani kwake. Sikumwona tena.

Nilimaliza wiki sita, nikarudi. Mashine naijua sasa, kiwandani wananiita Mpolandi. Nilifika Kibaha wiki moja kabla ya arobaini ya mama. Nikalala usiku mmoja nyumbani, asubuhi nikashuka Mlandizi, nikachukua bodaboda wa kwenda Mzenga.

Njia nzima nafanya mazoezi ya kusema. Vumbi jekundu, mikorosho, mihogo pande zote mbili, jua la kuunguza mabega baada ya baridi ile. Nilikuwa bado sijaamini kwamba ni dunia moja. Mara tatu nilitaka kumwambia kijana wa boda ageuze.

Nilimkuta Dada Zena uani peke yake, kwenye mkeka, anachagua mchele wa hitima. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, tukashikana, nikalia kidogo, akarudi kwenye ungo wake. Akaanza kunisifia. Watu wote wa hapa wanajua ulivyokuwa kazini, mdogo wangu. Wanakusubiri useme neno siku ya arobaini.

Nikasema, "Dada, sikuwa kazini."

Vidole vikaendelea kuchagua.

Nikamwambia yote. Sikubakisha bia wala fidla wala kufurahi kwangu. Nikamwambia simu yako imeita mara kumi na nne kwenye koti, limetundikwa gizani na makoti ya watu, mimi niko chini nacheza. Nikamwambia kama unataka niwaambie watu wote siku ya arobaini, nitasimama niseme.

Akaweka ungo chini.

"Zile simu," akasema, "uliangalia nilipiga saa ngapi?"

Sikuwahi kuangalia. Niliogopa hata kuzifungua.

"Zilianza saa tisa usiku. Mama alikuwa hai."



Akasema mama aliamka usiku ule akili zake timamu, akaniulizia. Mama akamwambia, nipigie mwanangu nimsikie. Dada akapiga, ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Mama anamtazama mdomoni. Mara ya tano, mara ya sita. Pumzi za mama zinapungua, na macho hayatoki kwenye simu.

"Nikaogopa atakufa anasubiri," dada akasema. "Nikaweka simu sikioni, inaita tu, nikasema, 'Eeh, mdogo wangu! Kapokea, mama. Anasema shikamoo.'"

"Mama akasema, 'Marahaba, baba.' Akatabasamu. Akaniambia, 'Muulize, amekula?'"

"Nikamwambia, 'Anasema amekula, mama. Ameshiba.'"

"Akasema, 'Alhamdulillah. Mwache akalale.' Halafu akageukia ukutani. Hakusema tena."

Dada alikuwa analia sasa, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mjomba ameniambia hivyo. Akasema mwezi mzima alikuwa anaiogopa siku nitakayorudi. Niliposema nilikuwa kiwandani alishukuru, maana hakutaka niulize zaidi. Alijua nikiuliza itabidi aniambie kwamba alimwekea mama maneno kinywani mwangu, kwamba neno la mwisho mama alilosikia kwa mwanawe halikuwa la mwanawe.

Kumbe wote wawili tulikuwa tumejificha, kila mtu anamkimbia mwenzake.

Nilimshika miguu, wakuu. Dada yangu mkubwa. Nikamwambia ahsante. Sikuwa na neno jingine, nikalirudia mpaka akaniambia inuka, majirani wanaona.

Arobaini tuliifanya vizuri. Nilisimama, nikawaambia watu kwamba sikuwa kazini, nilikuwa matembezini. Minong'ono ilikuwepo. Shehe akaniangalia sana. Mjomba akasema kaa chini, wali unapoa. Lile la dada sikulisema, ni lake.

Humu nalisema kwa ruhusa yake.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Furaha yangu ya usiku ule sijaitupa, nimeacha kuionea haya. Krakow ni mji mzuri, nendeni mkipata nafasi, shukeni zile ngazi. Koti mpeni yule mtu, simu shukeni nayo. Na ukidanganya, ungama mapema, maana aliyedanganywa huenda naye ana lake anakuficha, na mnaumia wawili bila sababu.

Sasa nawaachia uwanja. Lakini swali si langu.

Jana jioni Dada Zena aliniuliza kama alitenda dhambi, kumdanganya mtu anayekata roho. Nikamjibu hapana, dada. Akaniambia, "Wewe ni mdogo wangu, lazima useme hivyo. Waulize watu wasionijua."

Basi nawauliza nyie msiomjua. Leo nalala Mzenga, baada ya magharibi nitakaa naye uani nimsomee majibu yenu moja moja. Mimi nitukaneni mnavyotaka, nimestahili. Yeye mwandikieni taratibu, atakuwa anasikiliza.